Jua la Busia na Ndoto ya Shakespeare

Mwanafunzi wa Busia au Malaba afunguapo mchezo wa Shakespeare uitwao A Midsummer Night's Dream hukwazwa na jina lenyewe. Jina hilo lataja ndoto ya usiku wa katikati ya kiangazi. Aghalabu sisi walimu huieleza kiangazi kuwa ni majira ya joto, kisha tukaendelea mbele. Maelezo hayo hayatoshi.

Mjini London, mchana wa tarehe 21 Juni hupita saa 16, na usiku wake haufiki saa 8. Tangu kale watu wa Ulaya waliwasha mioto siku hizo, wakachuma majani ya dawa, wakaamini kuwa pepo hutembea. Kanisa likaweka sikukuu ya Yohana Mbatizaji tarehe 24 Juni, lakini mioto haikuzimika. Ni kweli kwamba ndani ya mchezo Theseus, awakutapo wapenzi wamelala msituni, hudhani wamekuja kwa ada za mwezi wa Mei. Hata hivyo jina lina kazi yake. Latufundisha kuwa wazimu wa mapenzi ni mfupi kama usiku ule: mara kumekucha, na kila mtu amerudiwa na akili zake.

Msomaji wetu hawezi kuonja jambo hili bila msaada, kwa kuwa kwetu, karibu na ikweta, usiku ni saa 12 mwaka mzima. Simika mti uwanjani uone: adhuhuri ya Juni kivuli huangukia kusini, na ya Desemba kaskazini. Jua letu huhama upande, wala halituachi. Baadhi ya wazee wa Kiluyia walilisalimu lichomozapo, wakitema mate ya baraka kuelekea mashariki na kumwomba Were.

Ada za Ulaya na za kwetu zimetiwa katika neno moja, upagani. Neno hilo lahukumu kabla ya kuuliza. Ambaye jua humwendea mbali hulifanyia karamu lifikapo kilele. Ambaye hurudiwa nalo kila asubuhi hulisalimu kila asubuhi. Wote wawili walisema kweli juu ya mbingu yao.

Basi, mwanafunzi, usomapo kitabu cha ugenini, uliza kwanza: mwandishi huyu alisimama chini ya jua gani? Kisha toka nje, ulitazame lako.