Kuisoma Nchi Katika Picha

Kutambua mahali picha ilipopigwa kwa kutazama yaliyomo ndani yake peke yake ni kazi ya jicho lililozoea kuisoma nchi. Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yanaweza kukosewa au kughushiwa, lakini milima inayoonekana nyuma ya watu hukaa ilivyokaa, na yeyote mwenye subira anaweza kuiuliza.

Kazi huanza kwa kuipunguza dunia. Mikoko huielekeza akili kwenye ufuko wa nchi za joto. Migunga yenye vichwa bapa huielekeza kwenye nyika kavu. Mikaratusi husaidia kidogo sana, kwa kuwa mti huo wa Australia umepandwa kuanzia Addis Ababa hadi California. Wakati mwingine jambo dogo lililotengenezwa na mwanadamu huamua kuliko mimea yote. Vilima vyenye mashamba ya ngazi vya Kabale, Uganda, hufanana mno na vile vya Musanze, Rwanda, na mlima Muhabura huonekana pande zote mbili za mpaka. Lori moja likionekana barabarani humaliza ubishi: Uganda magari hupita kushoto, Rwanda hupita kulia.

Baada ya kuipata nchi, hutafutwa mahali alipokuwa amesimama mpiga picha, na hapo Kilimanjaro ni darasa zuri kuliko yote Afrika Mashariki. Kibo, chenye meta 5,895, kimekaa magharibi, na Mawenzi, chenye meta 5,149, kimekaa mashariki yake. Kwa hiyo aliyeko Moshi, kusini mwa mlima, huona Mawenzi kulia na Kibo kushoto. Aliyeko Amboseli, kaskazini, huona kinyume chake. Kadiri mtu anavyouzunguka mlima kuelekea mashariki, nafasi kati ya vilele hivyo hupungua machoni, na akifika Rombo, Mawenzi huwa mbele yake na huonekana kikubwa kuliko kawaida. Akienda upande wa magharibi, Kibo hukifunika. Uwiano wa nafasi hiyo, ukipimwa kwenye picha na kulinganishwa na ramani, humweka mpiga picha kwenye mstari mmoja. Vilima viwili vya karibu vikitoa mstari wa pili, penye makutano ya mistari ndipo alipokuwa. Wavuvi wa pwani wamekuwa wakiupata mwamba uliozama kwa njia hiyohiyo, kwa kulinganisha mnara na mti, kisha kilima na rasi, bila kuandika hesabu yoyote.

Ukubwa wa mlima kwenye picha usiaminiwe. Lenzi ndefu hukivuta Kibo mpaka ukadhani kimesimama juu ya migongo ya tembo. Picha iliyogeuzwa kushoto kulia ni hatari zaidi, maana huifanya Amboseli ipange vilele kama Moshi. Ndiyo sababu mtambuzi makini hutafuta kwanza maandishi yoyote, hata yaliyo kwenye fulana. Asipoyapata, hutazama nchi yenyewe: miteremko ya kusini hupata mvua nyingi na imejaa migomba na kahawa ya Wachagga, ilhali upande wa kaskazini ni mkavu. Barafu nayo hutoa tarehe, kwa kuwa takriban asilimia 80 ya eneo lililofunikwa na barafu Kibo mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kufikia mwaka 2000.

Vivuli ni somo linalojitegemea. Kwenye latitudo ya Kilimanjaro, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, na vivuli huangukia kusini; miezi iliyobaki mambo hugeuka. Urefu wa kivuli ukilinganishwa na kimo cha kitu hueleza jua lilikuwa juu kiasi gani, na palipojulikana mahali, saa na msimu hukaribia kujulikana.

Thamani ya ustadi huu ilionekana wazi mwaka 2018. Ilisambaa video ya wanajeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili, kisha kuwapiga risasi. Serikali ya Kamerun iliikana. Watafiti wa BBC Africa Eye na wenzao waliuchukua mgongo wa milima ulioonekana sekunde za mwanzo, wakaulinganisha na picha za setilaiti hadi ukalingana na milima iliyo karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Majengo yaliyokuwapo wakati fulani na kutokuwapo wakati mwingine, pamoja na vivuli vya wanajeshi wenyewe, vilionyesha kwamba mauaji yalifanyika kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Kilichoipa kazi ile uzito ni nidhamu ya kutafuta kisicholingana. Jicho linalotamani jibu huona kufanana kila mahali. Dalili kumi zinazokubaliana na dhana hazitoshi ikiwa mto uko upande usio wake. Dhana hiyo huachwa, hata kama imegharimu wiki nzima.

Ustadi huu una madhara pia ukiangukia mikono mibaya, kwa sababu majangili nao wanazo simu na ramani. Kwa hiyo anayempiga picha kifaru mbugani na kutaka kuisambaza haitoshi azime tu kipengele cha kuhifadhi mahali kwenye simu yake. Ajitahidi pia kuuacha nje ya fremu mgongo wa mlima ulio nyuma ya mnyama huyo.