Taa Zikiwaka, Giaboksi Inachemka

Lori letu la kubeba maji, lenye gia za otomatiki, lilihukumiwa kabla ya kuchunguzwa. Jioni moja ya Julai dereva aliliingiza kwenye gereji ya jua kali hapa Kangemi akisema kuwa geji ya joto la giaboksi imefika nyuzi 130 kwenye mwinuko wa Waiyaki Way. Fundi wa kwanza hakusita: "Bosi, hiyo gia imeungua. Tuishushe." Kushusha giaboksi ya lori si mchezo. Gharama huanza kuhesabika kabla hata boliti ya mwisho haijafunguka.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Katika gia za otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Nguvu ya injini hupita ndani ya oili, kwenye toki konvata. Lori lenye mzigo likipanda polepole kuelekea Uthiru na Kinoo, oili hiyo husukwasukwa na sehemu ya nguvu hupotea ikawa joto. Kwa kawaida oili ya giaboksi hufanya kazi kati ya nyuzi 70 na 95 hivi. Ikipita 120 na kukaa huko, huanza kuchakaa upesi, huacha utando kwenye vali, na sili za raba hukauka. Kwa hiyo 130 si namba ya kuchezea, mradi iwe ya kweli.

Fundi mwingine, mzee wa umeme wa magari, alimgeukia dereva. "Kijana wangu, mshale ulipanda taratibu au uliruka?"

"Uliruka, mzee."

"Na taa ulikuwa umewasha?"

Dereva akafikiri kidogo. Giza lilikuwa linaingia. Ndiyo, alikuwa ndiyo kwanza amewasha.

Hapo kesi ilianza kugeuka. Giaboksi ya lori hubeba lita nyingi za oili ndani ya chuma kizito. Joto la mzigo kama huo hupanda na kushuka kwa dakika, haliruki. Mshale ukiruka, mtu wa kwanza kushukiwa ni umeme.

Lori lililala nje. Alfajiri, kabla injini haijaguswa, mzee aliwasha ufunguo tu. Baada ya usiku mzima wa baridi, oili, maji na chuma vyote huwa na joto moja na hewa, na kweli mshale ulikuwa chini kabisa. Akawasha taa kubwa. Mshale ukapanda hadi 70. Hakuna giaboksi inayopata joto kwa kuwashiwa taa.

Ilibaki kutafuta kosa liko wapi, na hapa lazima mtu aelewe sensa inayopeleka kipimo cha joto kwenye geji. Sensa ya aina hii ni kizuizi cha umeme kinacholegea kadiri joto linavyozidi. Ikiwa baridi hupitisha umeme kidogo, ikiwa moto hupitisha mwingi. Waya wake ukikatika, geji husoma baridi. Ukichubuka na kugusa chasi, geji husoma moto hadi mwisho. Mzee alichomoa waya kwenye sensa, mshale ukalala. Akaugusisha kwenye chuma, ukapanda hadi juu. Waya ulikuwa mzima.

Kisha aliitoa sensa, akaziba tundu oili isimwagike, akaitumbukiza ncha yake kwenye sufuria ya maji jikoni huku akipima ukinzani wake wa umeme kwa mita. Kipimo kilishuka taratibu bila kurukaruka, na maji yalipochemka kililingana na jedwali la mtengenezaji. Wengi hukosea hapa: Kangemi iko mita 1,800 hivi juu ya bahari, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 94, si 100. Ukisahau hilo utaitupa sensa nzima. Alipoirudisha hakuzungusha utepe wa bomba kwenye nyuzi zake za skrubu, kwa sababu sensa hii hupata athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia chuma cha giaboksi. Utepe ungeizuia, geji ikasoma chini, na joto la kweli likafichika.

Mwisho alipima kati ya athi ya geji na ncha hasi ya betri. Taa zikiwa zimezimwa, karibu sufuri. Zikiwaka, zaidi ya volti moja. Geji na taa zilitumia athi moja iliyoshika kutu nyuma ya dashibodi. Umeme ulipokosa njia ya kurudi ulijipenyeza kupitia sensa, na geji ikadhani ni joto. Alisugua kutu kwa msasa, akavuta waya mpya wa athi hadi kwenye chasi. Taa zikawaka, mshale haukutikisika.

Hakuishia hapo. Alichomoa kijiti cha oili, akatazama na kunusa: rangi nyekundu safi, harufu ya kuungua hakuna. Tulipopanda Kinoo na mzigo, mshale ulipanda polepole na kutulia kwenye 90.

Kwa dereva anayeona mshale ukipanda njiani, asibahatishe. Simama mahali salama, weka gia huru, zungusha injini kwa kasi ya mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili tatu, ili oili ipite kwenye kipozeo. Joto la kweli litashuka taratibu. Kisha zima taa: mshale ukianguka papo hapo, mwite fundi wa umeme kabla ya fundi wa gia.