Bei ya Tope: Hesabu Iliyozipeleka Kampuni za Nairobi Mashambani

Bili ya maji haimwambii mkurugenzi wa kiwanda maji yana thamani gani. Inamwambia tu bei iliyopangwa kwa kila mita ya ujazo, na bei hiyo ni ileile mto ukiwa safi au ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo maana kampuni nyingi huyaweka maji kwenye fungu la gharama ndogondogo, kisha hushtuka siku bomba linapokauka na mashine ya mamilioni ikasimama kwa kukosa kitu ambacho vitabuni kilikuwa rahisi kuliko karatasi za ofisini.

Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, uliozinduliwa Machi 2015, ulijaribu kuuziba mwanya huo kwa hesabu. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake Afrika. Wazo lenyewe lilikuwa limeshatumika Quito, Ecuador, tangu mwaka 2000: wanaotumia maji mjini wachangie kutunza ardhi ya juu mtoni yanakotoka. Nairobi ilikuwa na mazingira yake, na kabla kampuni hazijatoa hata senti moja, shirika la The Nature Conservancy na washirika wake walilazimika kujibu swali gumu: tukimlipia mkulima wa Murang'a, juu mtoni, achimbe matuta, shilingi ngapi zitarudi mjini, na mfukoni mwa nani?

Jinsi walivyolijibu ni somo kwa yeyote anayetaka kujua kampuni huyathaminije maji.

Tuanze na mto. Mto Tana na vijito vyake huipa Nairobi takriban asilimia 95 ya maji yake, na kwa miaka mingi mabwawa yake yamezalisha sehemu kubwa ya umeme wa Kenya unaotokana na maji. Mji wenyewe ulihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 4.4 katika sensa ya 2019. Maji yao hutegemea hasa bwawa la Thika, ambalo wengi huliita Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70, pamoja na Sasumua na mito ya Chania na Thika. Chini zaidi yako mabwawa matano ya umeme ya Seven Forks, yakiongozwa na Masinga, lililoanza kazi mwaka 1981. Juu ya yote hayo ni miteremko mikali ya Aberdare na Mlima Kenya. Tangu miaka ya 1970 misitu na maeneo ya chepechepe ya huko yamegeuzwa kuwa mashamba ya mahindi, viazi, kahawa na chai. Udongo ambao zamani ulishikwa na mizizi sasa hushuka na mvua.

Hapo ndipo walipofanya uamuzi wa kwanza wa kitaalamu, na kwa maoni yangu ndio uliobeba mengine yote. Kuyapa maji yenyewe bei kungezua mjadala usiokwisha, kwa hiyo walitafuta bei ya tope. Tope lina risiti. Kila mita ya ujazo ya maji machafu inayoingia kwenye mtambo wa kusafishia hudai shabu zaidi ya kutuliza takataka, huziba vichujio mapema, na kuvisafisha vichujio hivyo hutumia umeme na maji ambayo tayari yameshasafishwa. Kisha lipo tope lenyewe lililokusanywa, ambalo lazima litafutiwe pa kutupwa. Ilionekana kwamba mashapo yakizidi, gharama ya kusafisha maji ya Nairobi mara nyingi hupanda kwa zaidi ya theluthi moja. Takwimu hiyo haikuhitaji falsafa ya thamani ya maji, kwa kuwa msingi wake ni kumbukumbu za kampuni ya maji ya Nairobi yenyewe.

KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ilikuwa na risiti ya aina nyingine. Kila tani ya udongo inayotua Masinga huchukua nafasi ambayo ingekaliwa na maji ya kuzungusha mitambo wakati wa kiangazi. Kampuni ilikuwa bado inakumbuka mwaka 2009, ukame ulipolishusha bwawa hadi kituo cha Masinga kikafungwa na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Kwa hiyo swali la KenGen lilikuwa na sehemu mbili: mabwawa yatabaki na nafasi kiasi gani, na mito itaendelea kutiririka kwa nguvu gani mvua zikikoma?

Baada ya kupata upande wa hasara, ilibidi kuiunganisha hasara hiyo na shamba mahususi. Bonde la juu la Tana lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 17,000, na hakuna mfuko unaoweza kuchimba matuta kila mahali. Wataalamu walitumia programu mbili zinazokamilishana. Ya kwanza ni SWAT, modeli ya mabonde ya mito iliyobuniwa Marekani na watafiti wa wizara ya kilimo na Chuo Kikuu cha Texas A&M. Modeli hiyo hulikata bonde katika vipande vidogo vyenye mteremko, udongo na matumizi ya ardhi yanayofanana. Hulishwa takwimu za mvua, ramani za udongo, picha za setilaiti na vipimo vya mwinuko, kisha kwa kila kipande hukadiria siku kwa siku maji kiasi gani yamezama ardhini, kiasi gani yametiririka juu, na yameondoka na udongo kiasi gani. Makadirio hulinganishwa na vipimo halisi vya mtoni, na modeli hurekebishwa mpaka yakaribiane.

Ya pili ni RIOS, programu ya mradi wa Natural Capital wenye makao yake Chuo Kikuu cha Stanford. Kazi yake ni kuchagua. Ikipewa bajeti, gharama za kila aina ya kazi na sifa za ardhi, huonyesha mahali ambapo fedha hizo zitazuia udongo mwingi zaidi. Matokeo ni ramani inayosema hapa pandeni miti kando ya mto, pale chimbeni matuta ya fanya juu, kwingine wekeni mikanda ya nyasi za nepia, na kule tengenezeni mifereji ya barabara ya udongo. Kazi ilielekezwa kwenye mabonde matatu: Thika-Chania, Maragua na Sagana-Gura.

Suala la barabara linastahili kuangaliwa. Mtu akizungumzia mmomonyoko, lawama huenda moja kwa moja kwa mkulima. Lakini barabara ya udongo iliyokatwa ubavuni mwa kilima bila mfereji unaofaa hukusanya maji ya eneo kubwa na kuyaporomosha mtoni kwa pamoja. Kuiweka kwenye orodha ya kazi kulionyesha faida ya kuanza na takwimu badala ya kuanza na mshukiwa.

Sasa tuje kwenye fedha. Mpango ulikuwa kutumia dola milioni 10 katika miaka 10, na kuhesabu faida kwa miaka 30. Modeli ilitabiri kwamba mashapo mitoni yangepungua kwa zaidi ya nusu, kwa viwango vinavyotofautiana kati ya bonde na bonde na kati ya msimu na msimu. Mashapo yanayoingia Masinga kila mwaka yangepungua kwa asilimia 18, na maji ya kiangazi yangeongezeka kwa hadi asilimia 15 katika mabonde yaliyolengwa. Kwa mwaka, KenGen ingepata zaidi ya dola 600,000, na kampuni ya maji ya Nairobi ingeokoa kama dola 250,000.

Jedwali la mwisho la hesabu yao huzigeuza takwimu hizo zote kuwa thamani ya leo, maana dola ya mwaka wa 30 haina uzito wa dola ya sasa. Faida zote zilifika dola milioni 21.5. Kiasi hicho ndicho kilichotangazwa kila mahali. Msomaji makini atataka kuona mgawanyo wake: wakulima milioni 12, KenGen milioni 6.15, kampuni ya maji milioni 3.39. Upande wa gharama una mistari miwili: uwekezaji wa mfuko, milioni 7.11 kwa thamani ya leo, na gharama za ziada za wakulima wenyewe, milioni 8.52. Ukitoa gharama zote kwenye faida, kinachobaki ni takriban milioni 5.9.

Mambo mawili yanajitokeza hapo, na yote mawili hayaonekani ukisoma jumla peke yake.

La kwanza linahusu kampuni. Faida za KenGen na kampuni ya maji zikijumlishwa ni milioni 9.54, zaidi ya fedha zote ambazo mfuko ungetumia. Kwa maneno mengine, hata tusipohesabu gunia moja la mahindi, taasisi hizo mbili zingeweza kuulipia mfuko mzima na bado zikabaki na faida. Hoja ya biashara ilisimama kwa miguu yake bila kuegemea huruma.

La pili linahusu mkulima, na ndilo zito zaidi. Kwa mujibu wa jedwali, mwekezaji mkubwa kuliko wote ni mwenye shamba. Nguvu zake za kuchimba, eneo lake linaloachiwa nyasi na kazi yake ya kutunza matuta vinazidi fedha za mfuko kwa zaidi ya dola milioni moja. Ni kweli kwamba naye ndiye anayepata fungu kubwa zaidi, lakini anatanguliza jasho leo na kungoja mavuno bora misimu kadhaa mbele. KenGen inaweza kusubiri, mwenye ekari mbili na karo ya shule hawezi. Kwa hiyo miche, mafunzo na vifaa anavyopewa mkulima tusivihesabu kama sadaka ya kampuni. Ni malipo ya muda wa kusubiri, na mpango usioyaweka malipo hayo utaona matuta yakibomoka mara tu wafadhili wakiondoka.

Waliojiunga walizidi wale walioonekana kwenye jedwali. Kampuni ya bia ya EABL, Coca-Cola na Frigoken, inayosindika mboga, walikaa meza moja na taasisi za umma ingawa jedwali halikuwatengea mstari wa faida. Kwao hesabu ni ya kupima hatari. Kiwanda cha vinywaji kikikosa maji siku moja, hasara yake ni mauzo ya siku hiyo, malighafi inayoharibika na wafanyakazi wanaolipwa wakiwa wamekaa. Bili ya maji haionyeshi hasara hiyo. Ramani za dunia nzima kama Aqueduct ya World Resources Institute huweza kumwonya mkurugenzi kwamba bonde lake lina shida. Haziwezi kumwambia ni mteremko upi utengenezwe kwanza. Kwa hilo lazima ushuke hadi kwenye kijito.

Udhaifu wa hesabu hii upo, na kampuni inayotaka kuiga iujue mapema. Mito ya nyanda za juu hubeba sehemu kubwa ya udongo wake katika siku chache za mvua kubwa, hasa Machi na Aprili na tena Oktoba na Novemba, mashamba yakiwa yametoka kulimwa. Anayechota sampuli mara moja kwa wiki anaweza kuikosa dhoruba iliyobeba tope la mwezi mzima, na modeli iliyorekebishwa kwa vipimo hivyo itapotoka. Dawa yake ni vipima tope vinavyojiendesha, vinavyoandika kila baada ya dakika chache.

Pia kuna tatizo la nani apewe sifa. Mvua ikiwa haba, tope hupungua lenyewe, na matuta yatasifiwa kwa kazi ya ukame. Njia ya uaminifu ni kupima vijito viwili vinavyofanana, kimoja kilichofanyiwa kazi na kingine kilichoachwa, kisha kulinganisha tofauti zao mwaka hadi mwaka. Bila hivyo, asilimia 18 inabaki kuwa utabiri.

Zaidi ya hayo, jedwali halina safu ya haki. Wakazi wa Murang'a wamelalamika kwa miaka kwamba maji yanapita mlangoni mwao kwenda Nairobi huku mabomba yao yakiwa makavu. Malalamiko hayo yalipamba moto wakati wa ujenzi wa handaki la Northern Collector, lenye urefu wa kilomita 11.8, linalochepusha maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati kuelekea Ndakaini. Modeli inaweza kukadiria maji ya kiangazi kwa lita. Haiwezi kuamua lita hizo ni za nani, na mfuko unaomtegemea mkulima kwa zaidi ya nusu ya gharama hauwezi kulikwepa swali hilo.

Hata hivyo, hukumu yangu ni kwamba njia hii ni bora kuliko matangazo ya kupanda miti tuliyozoea, kwa kuwa inaweza kukaguliwa. Kila tarakimu ina chanzo, na atakayeipinga anajua aanzie wapi. Dar es Salaam, iliyoonja mgao wa maji mwaka 2022 baada ya Mto Ruvu kupungua, ina kila sababu ya kufanya hesabu kama hii.

Kwa kampuni yoyote inayochota mtoni au bwawani, kazi ya kwanza haihitaji setilaiti wala mshauri kutoka ng'ambo. Fungueni daftari la mtambo wa maji. Andikeni kila siku kiwango cha tope, kilo za shabu, umeme uliotumika na saa ambazo uzalishaji ulisimama, kisha mlinganishe na siku za mvua. Baada ya misimu miwili mtakuwa na bei yenu ya tope. Na mkishaijua, mpelekeeni mkulima wa juu mtoni fungu lake kabla ya mvua za kwanza, maana ndiye aliyeshika jembe.