Princess Jully na Kazi ya Kuimba Lisilotajwa

Benga ni muziki wa wanaume. Pitia majina yake makubwa: George Ramogi, Daniel Owino Misiani, Collela Mazee, Okatch Biggy, Musa Juma. Mwanamume anapiga solo, mwanamume anapiga besi, mwanamume anaimba akimsifu mwanamke, na mwanamume mwingine aliyeketi mezani anatoa fedha ili jina lake litajwe. Mwanamke yumo humo kila mahali, lakini yumo kama jina la wimbo. Kila ninapotaka kueleza ukubwa wa Lilian Auma Aoka, ambaye watu walimjua kama Princess Jully, huanza na orodha hiyo, ili msomaji aone kwamba alikosimama hakukuwa kumeandaliwa kiti.

Mimi ni mtu wa Kehancha, na benga si muziki wa kwetu. Sisi Wakuria tuna litungu, chombo kikubwa chenye sauti nzito inayosikika kifuani kabla haijafika masikioni, na tuna wachezaji wanaoingia uwanjani juu ya viatu vya mbao virefu ambavyo mgeni akivivaa atavunjika mguu. Hata hivyo Kehancha imo katika Kaunti ya Migori, mpaka wa Isebania uko jirani, magari ya mjini Migori yanapita kutwa kucha, na dereva hajawahi kumuuliza abiria anapenda muziki gani. Ukisafiri na benga tangu utotoni utaizoea kabla hujaielewa. Wengi wetu hatukuielewa hata baadaye, kwa maana Kikuria ni lugha ya Kibantu na Kiluo, lugha ya benga, kiko mbali nacho sana. Tuliipokea kwa masikio na miguu. Maneno yakaja polepole, au hayakuja kabisa. Wala si ajabu. Misiani mwenyewe, mwenye bendi ya Shirati, alizaliwa huko Shirati upande wa Tanzania. Muziki huu ulivuka mpaka siku nyingi bila kuonyesha kitambulisho.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Benga ilichipuka kwenye nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi nane. Mpigaji wake huketi chini kwenye kigoda, akacharaza nyuzi kwa vidole, huku akigonga ubao wa chombo kwa pete ya chuma aliyoivika kidole cha mguu. Gitaa lilipoenea Nyanza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana hawakuanza upya. Walichukua mwendo ule ule wa vidole wakauhamishia kwenye nyuzi sita. Ndiyo maana gitaa la solo katika benga halimsindikizi mwimbaji, linamjibu. Mwimbaji anatoa mstari, gitaa linaurudia, mara nyingine silabi kwa silabi, kana kwamba linamdhihaki au linamkubalia. Besi nayo haitulii mahali pamoja. Inaruka, inanyamaza, inarudi pale ambapo hukuitarajia.

Kisha linafika lile jambo ambalo kila mpenzi wa benga hulisubiri. Mwimbaji anamaliza kisa chake, na magitaa yanaachiwa yakimbie. Zamani za santuri wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili mwendo wa kasi. Kanda zilipoingia, kisu hicho kikaondolewa na wimbo ukaweza kwenda hata dakika kumi bila kukatika, lakini umbo lilibaki lile lile. Hapo ndipo penye ugumu wa mwimbaji wa benga, ugumu ambao mwimbaji wa taarabu au wa kwaya hana. Muda wake ni ule wa mwanzo tu. Alichotaka kusema na hakukisema kabla magitaa hayajafunguliwa, hakisikiki tena. Baada ya hapo ukumbi ni wa miguu.

Tena kuna fedha. Katika kilabu cha benga mtu hunyanyua mkono, muziki ukashushwa, naye akajisifu mbele ya watu: yeye ni nani, ametoka wapi, mkewe ni binti wa wapi, shemeji zake ni wa aina gani. Akimaliza anatoa noti. Waluo huiita pakruok, na ni sanaa yenye adabu na ushindani wake. Anayeijua hujisifu kwa mafumbo mpaka ukumbi mzima ukacheka. Noti hizo ndizo zinazoilisha bendi, na ndiyo maana nyimbo nyingi za benga zimejaa majina ya wafanyabiashara, madaktari na wanasiasa. Sikejeli, kila muziki una mlipaji wake. Lakini mwimbaji anayekula kwa sifa huogopa kutamka neno litakalomkunja uso mlipaji.

Mume wa Princess Jully, Prince Jully, ambaye jina lake halisi lilikuwa Julius Okumu, alikuwa na bendi iliyoitwa Jolly Boys. Alifariki mwaka 1997, mwaka mbaya kwa benga, maana Ramogi na Okatch Biggy nao waliondoka mwaka huo huo. Desturi ya Nyanza ilijua la kufanya na mjane: arithiwe na ndugu wa marehemu. Miaka ile mjadala kuhusu desturi hiyo ulikuwa umepamba moto kwa sababu ya Ukimwi. Kuhusu bendi desturi haikusema kitu. Kwa kawaida bendi ya marehemu hufumuka: mpiga solo anaondoka kuanzisha yake, vyombo vinauzwa, waitikiaji wanatafuta mwenye kuwalipa. Princess Jully aliichukua Jolly Boys akaiongoza mwenyewe.

Sentensi hiyo fupi ina jasho jingi ndani yake. Kiongozi wa bendi ndiye anayepatana na mwenye ukumbi. Ndiye anayeulizwa kama jenereta ina mafuta. Ndiye anayegawa fedha alfajiri, watu wote wamechoka na baadhi yao wamelewa, kila mmoja akiwa na hesabu yake kichwani. Ndiye anayemwambia mpiga besi mwenye umri wa baba yake kwamba jana aliingia kwa kuchelewa. Wanamuziki waliozoea kumtii mume sasa wamtii mjane, na kila mwenye baa apatane bei na mwanamke huku akitazama huku na huko akimtafuta mwanamume wa kuzungumza naye. Wanawake waliowahi kufanya biashara yoyote kwenye soko la Kehancha hawahitaji kuelezwa hilo.

Magazeti yalimwita malkia wa benga. Sina ugomvi na cheo hicho, ila nakiona chepesi, kama vyeo vyote tunavyowagawia wanawake wa muziki: malkia, mama, binti mfalme. Hata hilo jina la Princess ni jina la mumewe lililovishwa gauni. Mimi ningemwita kiongozi wa bendi, cheo ambacho wanaume wa benga hupewa bila mtu kuulizwa.

Kisha akaimba *Dunia Mbaya*.

Kukumbuka wimbo huo wa Ukimwi bila kukumbuka miaka ile ni bure. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Katikati hapo pana miaka kumi na mitano, na katika miaka hiyo Nyanza ilizika kuliko eneo lolote la nchi. Ilizika huku ikinyamaza. Wengine walisema ni chira, laana inayomkondesha mtu aliyevunja mwiko. Kwenye matangazo ya vifo ugonjwa haukuwa na jina, uliitwa kuugua kwa muda mrefu. Huku Ukuriani tulijifariji kwamba ni mambo ya watu wa ziwani na wa mjini, mpaka madereva wetu, walimu wetu na wafanyabiashara wetu wa mpakani walipoanza kurudi nyumbani wakiwa wamekonda.

Princess Jully hakuwa wa kwanza kuuimba ugonjwa huo. Franco Luambo Makiadi wa Kongo alitoa *Attention na SIDA* mwaka 1987. Philly Lutaaya wa Uganda alijitokeza hadharani mwaka 1989 akasema ana virusi, akaimba akiwa mgonjwa, na Desemba hakuiona ikiisha. Franco alihubiri kama mwalimu mkuu aliyewasimamisha wanafunzi mstarini. Lutaaya alishuhudia kwa mwili wake mwenyewe, na ushujaa huo sidhani kama umepata mfano wake katika muziki wa Afrika Mashariki. Princess Jully alifanya jambo la tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliuingiza ugonjwa ndani ya benga, katika muziki ule ule wa bia, pakruok na mapenzi ya usiku, mbele ya watu wale wale ambao kesho yake wangezika ndugu yao bila kutaja kilichomuua. Hakuwatoa ukumbini ili awaonye. Aliwaonya wakiwa wanacheza.

Na wimbo ukapendwa nchi nzima. Huku kwetu jina lake la Kiswahili lilimsaidia. Mama muuza ndizi asiyejua neno moja la Kiluo aliweza kuutaja na kuuagiza. Lakini jina haliuzi kanda peke yake. Kilichouuza ni ile sauti ya juu, kavu kidogo, isiyopambwa. Waimbaji wengi wakifika kwenye jambo la huzuni hutetemesha sauti ili tujue kwamba wana huzuni. Yeye hakufanya hivyo. Aliimba kama mtu anayetoa habari ya msiba mlangoni, amesimama, hajakaribishwa ndani bado. Gitaa nalo halikubadili tabia kwa heshima ya mada. Lilimjibu kama linavyojibu wimbo wa mapenzi. Mimi naona huo ndio ufundi wake mkubwa. Angeupunguza mwendo, angeuleta uso wa kanisani, na wimbo ungechezwa siku ya Ukimwi Duniani tu.

Niliusikia matangani zaidi kuliko baani. Hayo ndiyo maajabu ya disko matanga: watu wamekuja kukesha na marehemu, turubai limefungwa, jenereta inanguruma nyuma ya zizi, na vijana wanacheza mpaka alfajiri. Katika matanga fulani nje kidogo ya mji wa Kehancha, mchezeshaji aliuweka wimbo huo bila kufikiri. Marehemu alikuwa kijana, na sababu ya kifo chake kila mtu aliijua na hakuna aliyeisema. Shangazi yake alikuwa akigawa chai. Maneno yalipoanza alisimama na birika mkononi, hakumimina, hakuliweka chini, kikombe cha mtu kikabaki kimenyooshwa hewani. Magitaa yalipofunguliwa na vumbi likatimka, akaendelea kumimina. Aliyetaka kusikia alikuwa amesikia. Aliyetaka kucheza akacheza. Hakuna hotuba ya chifu iliyoweza kuwapa watu wa uwanja mmoja vitu viwili hivyo kwa wakati mmoja.

Wapo waliosema kwamba kuucheza wimbo wa kifo ni kukosa adabu, na kwamba benga iliufanya ugonjwa kuwa burudani. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Wala sitadai kwamba wimbo uliokoa watu. Waliookoka waliokolewa na vipimo na dawa za kupunguza makali, na dawa zenyewe zilichelewa kufika. Wimbo ulifanya kazi ndogo zaidi iliyokuwa imewashinda wengi: ulifanya neno litamkike mbele za watu bila aliyelitamka kutazamwa kama mgonjwa. Ukiwa na wimbo mdomoni unaweza kuanza mazungumzo ambayo usingethubutu kuyaanza kwa mdomo mtupu.

Waliomfuata waliukuta mlango umeshafunguliwa. Lady Maureen, mwimbaji wa muziki wa ohangla aliyefariki mwaka 2022, alisimama mbele ya bendi yake mwenyewe, na watu wa Migori hawakushangaa kumwona mwanamke hapo. Mshangao ulikuwa umekwisha kumalizwa na mwingine.

Princess Jully alifariki Oktoba 2024. Viongozi walituma rambirambi, redio zikapiga wimbo wake mmoja siku nzima, kisha wiki ikaisha. Mmoja tu, kana kwamba mtu aliyeongoza bendi miaka yote ile aliacha wimbo mmoja. Nyimbo zake nyingine na za mumewe zimetawanyika kwenye kanda zilizonakiliwa na kunakiliwa tena na wauzaji wa mitaani, mpaka gitaa linasikika kama linapigwa ndani ya debe. Jijini Nairobi, Ketebul Music ya Tabu Osusa imefanya kazi ya kuheshimiwa kuhifadhi historia ya benga, na mwaka 2008 ilitoa *Retracing the Benga Rhythm*. Huku muziki wenyewe ulikotungwa sijaona juhudi za kulinganishwa na hizo.

Basi, ndugu msomaji, uwe Kehancha, Isebania, Awendo, Rongo au Homa Bay, kama bado unayo kanda ya Jolly Boys ndani ya boksi la viatu juu ya kabati, usiitupe eti kwa sababu redio ya kaseti iliharibika. Mtafute kijana mwenye kompyuta ainakili. Andika kwenye karatasi mwaka ulioinunua, majina ya wapigaji kama unayakumbuka, na mahali ulipoiona bendi ikipiga. Nayo serikali ya Kaunti ya Migori itenge chumba kimoja chenye mashine ya kusikilizia na paa lisilovuja, ili kanda hizo zipate pa kwenda kabla ukungu haujazila.