Baada ya maziwa

Saa tisa ya usiku natoka kazini hapa Des Moines, mikono bado inanuka nyama, nawasha gari nipate joto kidogo. Simu inaanza kulia. Ni dada yangu, yuko Rumonge, kule kwao ni saa nne asubuhi. Ametuma sauti: "Mdogo wangu, lile shamba la mawese alilotuachia baba, tunataka kuuza kipande. Kuna bwana mmoja wa Bujumbura anasema mtoto atapata majaribio Ulaya, ila kuna pesa ya kutanguliza. Wewe unasemaje?" Nyuma yake namsikia mpwa wangu akipiga kelele: "Mjomba, angalia video kwanza!"

Nikaangalia video. Ni kile kisa cha Gaël Bigirimana na maziwa. Wengi wetu tunakijua. Mtoto mkimbizi wa Burundi anatumwa dukani kununua maziwa, huko Coventry, Uingereza. Njiani anaona akademia ya Coventry City. Anaingia, anaomba wamjaribu. Wanamjaribu, wanampenda. Kufumba na kufumbua yuko Newcastle United, Ligi Kuu. Muziki unapanda, dakika tatu zimekwisha.

Gazeti letu hili ni la kusoma visa na kuvipima. Basi leo nakipima hiki, kwa sababu kuna shamba linataka kuuzwa kwa ajili yake.

Niseme mapema: kisa sio cha uongo. Kimekatwa tu, mbele na nyuma.

Mbele wamemkata mama. Bigirimana alizaliwa Bujumbura 1993, familia ikakimbilia Uganda. Mama yake ndiye aliyetangulia Uingereza, na 2004 watoto wakamfuata. Yaani siku ile ya maziwa kijana alikuwa tayari anakaa Coventry, ana nyumba, ana makaratasi, ana mtu wa kumtuma dukani. Aliyemfungulia mlango wa Uingereza ni mama, mpira ulikuja baadaye. Lakini video inakuonyesha mpira tu. Ukiitazama ukiwa Rumonge, unadhani akademia ndiyo iliyomtoa kwenye ukimbizi.

Na hapo ndipo wanapoingia mabwana wa kutanguliziwa pesa. Mpwa wangu ana miaka 16. Sheria ya FIFA hairuhusu klabu ya nchi nyingine kumsajili mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, na mojawapo ni kwamba wazazi wamehama kwa mambo yao yasiyohusu mpira. Sasa dada yangu hajahama. Anauza mawese sokoni. Hao wanaomuahidi mwanawe Ulaya mwaka huu wanamuahidi kitu ambacho sheria yenyewe inakikataa. Video haisemi hilo, na yule bwana pia hasemi.

Nyuma wamekata miaka. Hapo nataka kuzungumzia filamu moja, kwa sababu imefanya kazi ambayo video imekataa kuifanya.

Inaitwa Sugar, ya 2008, ya Anna Boden na Ryan Fleck. Ni habari ya mchezo wa besiboli, ambao sisi watu wa ziwa hatuujui. Mimi mwenyewe nimeujua hapa, kwa sababu Des Moines kuna uwanja pale mito miwili inapokutana, wanacheza Iowa Cubs, na tiketi sio ghali sana. Wamarekani wana utaratibu wao: kijana akisajiliwa na timu kubwa haendi timu kubwa. Anapelekwa ligi ndogo, ngazi ya chini kabisa, mji mdogo, basi refu. Akifanya vizuri anapanda ngazi. Akivunda anashushwa au anaambiwa kwaheri. Iowa Cubs ni ngazi ya mwisho kabla ya Chicago Cubs, na kutoka hapa mpaka Chicago ni kama saa tano kwa gari. Kuna watu wanazitafuta hizo saa tano miaka mitano.

Na wanazitafuta kwa pesa kidogo. Mpaka 2023, mchezaji wa mojawapo ya ngazi za chini za ligi hizo alikuwa analipwa dola 11,000 kwa mwaka. Baada ya kuunda chama na kudai, ikawa 26,200. Mimi kiwandani nilikuwa nawashinda, wallahi.

Kijana wa kwenye filamu anaitwa Miguel Santos, mrushaji kutoka Jamhuri ya Dominika. Kwao ni nyota, mtaa mzima unamtegemea. Analetwa Iowa hii hii yetu ya mahindi, anawekwa kwa wazee wakulima wacha Mungu, wema kabisa, lakini hawaelewani lugha. Kuna sehemu sitaisahau. Hotelini anajua kuagiza kitu kimoja tu, mkate uliokaangwa na mayai. Anaagiza huo huo leo, kesho, keshokutwa, kwa sababu akitaja kingine ataulizwa swali. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikula kuku na viazi miezi minne. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka machozi yakatoka, na sina hakika yalikuwa ya kicheko.

Kisha anaumia, anarudi, mkono hautii tena kama zamani. Anakuja kijana mwingine mwenye mkono mpya. Filamu haimpigii kelele kocha wala haimtafuti mbaya. Kila mtu ni mwema na mambo yanaharibika vile vile. Siku moja Miguel hapandi basi la timu. Anapanda lingine, anakwenda New York, anaosha vyombo, anajifunza useremala kidogo. Mwisho wa filamu anacheza besiboli Jumapili uwanja wa mtaa, na wenzake pale wanataja mmoja mmoja walikotoka na timu zilizowahi kuwasajili. Wote walikuwa "nyota anayekuja". Wote hao!

Mapungufu inayo. Ndege ikiruka tu, waliobaki nyumbani wanakuwa sauti ya simu. Mama wa Miguel anauliza, anasubiri, basi. Mkimbizi anajua kwamba ile simu ni nusu ya maisha. Ningependa kuona jioni ya mama baada ya kukata simu, anawaambia nini majirani. Hapo filamu imefanya kosa lile lile la video ya maziwa, imemsahau mama, ijapokuwa kwa upole zaidi.

Lakini miaka imeihesabu, na miaka hiyo ni ya kweli. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates 2008. Alipokanyaga ligi kubwa kwa mara ya kwanza, Mwafrika wa kwanza kufika huko, ilikuwa Aprili 2017. Ligi ndogo zilimla karibu miaka tisa. Mwaka ule alicheza michezo 28.

Sasa rudi kwa Bigirimana, tumsome bila mkasi. Newcastle walimchukua 2012. Alicheza, hata goli alifunga dhidi ya Wigan, lakini baada ya msimu ule nafasi ikawa finyu. 2015 akapelekwa Rangers ya Scotland kwa mkopo, madaktari wakakuta tatizo la afya, hakucheza hata mechi moja. Fikiria hiyo simu ya nyumbani! 2016 akarudi Coventry, ile ile ya maziwa, sasa iko ligi ya tatu na inaelekea kushuka tena. Na Aprili 2017, uwanja wa Wembley, fainali ya kombe la timu za ligi za chini, Coventry wanawafunga Oxford United 2-1, na goli la kwanza ni la Bigirimana. Baadaye Scotland tena, Ireland ya Kaskazini, AFCON ya 2019 na Burundi, na 2022 akavaa jezi ya Yanga. Ndugu zetu wa Nyarugusu na Nduta walimsikia redioni kwa Kiswahili.

Kwangu goli la Wembley ni kubwa kuliko maziwa. Maziwa ni bahati ya mtoto. Goli lile ni la mtu mzima aliyekwisha kuangushwa, akarudi mahali pale pale alipoanzia, akafunga. Kwa nini hakuna video ya hilo? Kwa sababu halimuuzii mtu shamba.

Nilimpigia dada nikiwa bado kwenye maegesho ya magari. Nilimwambia: "Dada, shamba tusiuze. Huyo bwana muulize leseni yake, muulize jina la klabu, muulize mtoto wa miaka 16 atasajiliwa kwa sheria ipi. Akikasirika, umeshapata jibu." Kisha nikaomba kuongea na mpwa.

Alikuwa amenuna. Akasema, "Mjomba, wewe ulitoka. Ni rahisi kusema." Hapo alinipiga, na sikuwa na la kujibu haraka. Ni kweli nilitoka. Lakini nilitoka kwa foleni ya wakimbizi, mgongoni mwa mama, sio kwa kipaji chochote. Nikamwambia hivyo hivyo.

Akanyamaza. Nikamuuliza wanachezea wapi siku hizi, maana ziwa limepanda na kile kiwanja cha mwaloni tulichochezea sisi maji yamekimeza. Akasema wamehamia juu, karibu na michikichi, wanacheza jioni kabla wavuvi hawajawasha taa za ndagala. Akasema timu ya vijana ya hapo mjini imemuita mazoezini Jumamosi.

"Jumamosi hii?"

"Ndiyo, mjomba. Lakini ni ya hapa hapa tu."

Nikamwambia aende, na anipigie baadaye anieleze yote, hata kama hakupangwa.