Joto la Spindeli na Subira ya Fundi

Kuna ufundi wa kutengeneza na kuna ufundi wa kujua kilichoharibika. Ule wa kwanza huonekana: mteja huishika beringi mpya mkononi, hulipa, huondoka. Wa pili hauonekani, ndiyo maana hulipwa kidogo na kusifiwa kidogo zaidi. Nataka kuusifu huo wa pili, kwa kesi inayowajaribu mafundi mitambo kila mara: mashine kuukuu ya milingi ambayo spindeli yake inachemka.

Chukua Bridgeport, mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 1938 na kubeba jina la mji wake katika jimbo la Connecticut, Marekani. Baadaye ilitengenezwa pia Leicester, Uingereza. Zile zenye puli za ngazi huzunguka kuanzia mizunguko 80 hadi 2,720 kwa dakika. Puani mwa spindeli yake hukaa beringi mbili zilizooanishwa, zikikazana kwa mkazo uliopimwa ili kikatio kisitetereke. Mkazo huo ndio unaoipa mashine usahihi wake, na ndio huohuo unaoweza kuiangamiza.

Beringi ikipata joto, ringi ya ndani hutanuka kuliko ya nje, kwa sababu ya nje imezungukwa na chuma kingi kinacholichukua joto na kulipeleka mbali. Nafasi ya gololi hupungua, mkazo huongezeka, na mkazo huo huzaa joto jingine. Spindeli nayo hurefuka: chuma cha milimita 100 kikipanda nyuzi 30 za Selsiasi huongezeka karibu milimita 0.04. Kwa seremala hiyo si kitu. Kwa mchonga vyuma, ni kazi iliyoharibika.

Hapo ndipo kijana huja mbio na spana: "Mzee, beringi zimekwisha hizi, tufungue." Fundi mkongwe haigusi spana. Huuliza: "Nani alitia grisi mara ya mwisho, na alitia kiasi gani?" Swali hilo lina thamani kuliko sanduku zima la vifaa. Beringi ya spindeli huhitaji grisi ya theluthi moja tu ya nafasi yake ya ndani, au chini ya hapo. Ikijazwa pomoni, gololi hulazimika kuisukuma na kuikoroga bila kukoma, na mkorogo huo huwa joto. Wengi wameua beringi nzima kwa kuzipenda mno.

Baada ya swali huja mkono. Fundi huzima umeme, hutoa mkanda, kisha huizungusha spindeli kwa vidole. Ikiteleza laini, mkanda uliokazwa kupita kiasi huenda ndio mkosaji. Ikikwaruza kana kwamba imemeza mchanga, uchafu umeingia. Ikiwa nzito sehemu moja na nyepesi nyingine, breki inagusa au kuna kilichopinda. Hata mahali penye joto ni ushahidi: likianzia juu, huenda linashuka kutoka kwenye mota, na beringi za puani zinasingiziwa.

Kisha huja sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haina ujanja wa mkato. Fundi hurudisha mkanda, hubandika kipande cha tepu nyeusi kwenye chuma kinachong'aa, maana kipimajoto cha mwanga hudanganywa na mng'ao, halafu huiwasha mashine kwa mwendo wa chini. Kila dakika 10 huandika nyuzi. Huongeza mwendo hatua moja, husubiri, huandika tena. Joto likipanda kisha likatulia mahali ambapo kiganja bado kinavumilia, spindeli ni nzima. Likipanda sana, kisha likashuka lenyewe, grisi ilikuwa inatafuta mahali pake. Likiendelea kupanda bila kutulia, basi mkazo umezidi au grisi imejaa, na sasa kufungua kuna sababu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mashine haifichi chochote. Inahitaji tu mtu wa kukaa nayo na kuisikiliza mpaka imalize.

Kufungua spindeli ni jambo la mwisho, maana kila ufunguzi hualika vumbi, na pete zinazotenganisha beringi hizo mbili zikirudishwa vibaya, mkazo wa awali haupatikani tena. Kwa hiyo fundi anayejua kutofungua ni fundi kamili.

Kijana unayejifunza, nunua daftari kabla ya kununua seti nyingine ya spana. Nawe mwenye karakana, mlipe fundi wako malipo kamili hata siku anapokuambia kwamba hakuna cha kununua.