Mawe, Povu na Chokaa: Jinsi Matumbawe Yalivyowezekana Nyumbani

Kwa miaka mingi mtu aliyeweka matumbawe katika tangi la nyumbani aliyatazama yakifa polepole. Samaki wa maji ya chumvi waliishi, hata wakanenepa, lakini matumbawe yalififia, yakafunikwa na mwani, yakabaki mifupa myeupe. Wengi walidhani wanachuja kidogo mno, wakaongeza vichujio, na hali ikawa mbaya zaidi. Swali walilopaswa kuuliza ni hili: uchafu ukishachujwa, unaishia wapi?

Chakula na kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaohitaji oksijeni huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Kichujio cha kudondosha maji juu ya vipande vya plastiki vilivyo hewani, ambacho George Smit alikieneza Marekani kwa makala zake za mwaka 1986, kilifanya kazi hiyo kwa haraka ya ajabu. Lakini hewa iliyojaa humo ndiyo iliyokuwa kikomo chake, kwa kuwa mahali penye oksijeni tele safari huishia kwenye nitrati. Nitrati ikarundikana, mwani ukashiba, matumbawe yakasongwa.

Jibu lilikuwa limeshaonekana Jakarta. Mwaka 1961 Lee Chin Eng alieleza katika jarida la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyotunza viumbe wa baharini kwa kutumia mwanga wa jua, mapovu ya hewa, na mawe aliyoyatoa baharini yakiwa na viumbe vyake. Hakuwa na kichujio kingine. Ndani ya jiwe lenye matundu, milimita chache tu kutoka usoni, oksijeni hupungua mpaka karibu kwisha, na bakteria wa huko huvunja nitrati na kuitoa kama gesi ya nitrojeni. Gesi hupanda na kutoka majini. Hapo ndipo uchafu unapata mlango wa kutokea.

Wafugaji wa Berlin, Dietrich Stüber miongoni mwao, waliliendeleza wazo hilo hadi likawa mfumo kamili unaoitwa kwa jina la mji wao: mawe hai kwa wingi, taa kali, maji yanayovurugwa kwa nguvu, chokaa, na mtambo wa povu. Kichujio cha kudondosha wakakiondoa. Mwaka 1994 J. Charles Delbeek na Julian Sprung walichapisha juzuu ya kwanza ya The Reef Aquarium, na njia hiyo ikasambaa kwa wasomaji wa Kiingereza. Kwa maoni yangu, huo uamuzi wa kuondoa kifaa ndio ulioleta mageuzi, kuliko kifaa chochote kilichobuniwa baadaye.

Mtambo wa povu unastahili maelezo. Ni mrija mnene unaopulizwa mapovu madogo sana. Molekuli za protini zina upande unaokimbia maji, nazo hujibandika kwenye uso wa povu na kupanda nalo hadi kwenye kikombe cha juu. Katika maji ya chumvi mapovu hubaki madogo bila kuungana, ndiyo maana mtambo huu hauna kazi katika tangi la maji baridi. Faida yake ni kwamba uchafu hutolewa kabla haujaoza, na bakteria hawaupati kabisa.

Sasa tuchukue tangi kubwa la nyumbani lenye urefu wa sentimita 240, upana 80 na kimo 75. Pamoja na tangi la chini linaloficha mitambo, mfumo mzima hubeba takriban lita 1,500. Vioo vya milimita 19 pekee vina uzito unaozidi kilo 300. Ukijumlisha maji, mawe na kabati, unapita tani mbili juu ya eneo lisilofika mita mbili za mraba. Sakafu za ghorofa za makazi kwa kawaida hukokotolewa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuitwa ni mhandisi wa majengo. Ama tangi likae chini, juu ya zege lililolala ardhini, ama lielekezwe mahali ambapo mihimili inabeba. Unene wa kioo nao unategemea hasa kimo cha maji na urefu wa kipande kisichoshikwa, kwa sababu shinikizo hukua kadiri maji yanavyokwenda chini. Tangi pana na fupi ni salama zaidi, ni rahisi kufikiwa na mkono, na mwanga hufika chini. Ningependelea upana kuliko kimo kila mara.

Jambo linalofurisha nyumba za watu ni umeme kukatika, na kioo hupasuka kwa nadra sana kulinganisha na hilo. Maji huanguka kutoka tangi la juu kupitia ukingo, huingia la chini, kisha pampu huyarudisha. Pampu ikisimama, maji yote yaliyo juu ya ukingo hushuka. Tangi letu lina uso wa mita za mraba 1.92, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni zaidi ya lita 19. Sentimita tatu ni lita 58. Lakini kuna hatari kubwa kuliko hiyo: mdomo wa bomba la kurudishia ukiwa sentimita 10 chini ya uso, bomba lenyewe litaanza kunyonya maji kwa kurudi nyuma, na zaidi ya lita 190 zitashuka kabla hewa haijaingia. Kinga yake ni kuweka mdomo karibu kabisa na uso, kutoboa tundu dogo la kuvuta hewa chini kidogo ya usawa wa maji, na kuacha nafasi tupu ya kutosha katika tangi la chini hata kama tundu limezibwa na konokono. Vali ya kuzuia maji yasirudi isitegemewe, maana chumvi na minyoo ya magamba huikwamisha.

Kwa kushusha maji, mpango ninaouamini ni wa mabomba matatu: la kwanza limejaa maji tupu na linadhibitiwa kwa koki, la pili hubeba kijito kidogo kinachozidi, la tatu ni kavu, linangoja mengine yazibe. Huwa kimya, na kosa la bomba moja haliishii zuliani. Pampu ya kurudishia haihitaji kuwa kubwa. Mvurugo ambao matumbawe yanauhitaji hutolewa na pampu za panga zilizo ndani ya tangi lenyewe, ambazo hazipandishi maji popote na hivyo hutumia umeme kidogo. Moja kati yake iwe na betri, kwa kuwa mvurugo ukisimama oksijeni huisha kabla maji hayajapoa.

Maji ya kujazia yawe yamesafishwa kwa utando wa kuchuja chumvi, kisha yakorogwe na chumvi ya bahari hadi gramu 35 kwa kilo. Baada ya mawe kuwekwa, subira inaanza. Amonia hupanda na kushuka, nitriti hufuata, mwani wa kahawia hutanda kisha mwani wa kijani. Konokono huingia kwanza, halafu matumbawe laini, na samaki wachache waliokaa karantini. Matumbawe magumu yapo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na siku hizi hakuna sababu ya kuyang'oa baharini wakati vipande vyake hukatwa na kukuzwa katika matangi.

Joto lishikwe karibu na nyuzi 25 au 26. Mwaka 1998 bahari yetu ya Hindi ilipopata joto kupita kawaida kwa majuma kadhaa, miamba ya Kenya na Tanzania iligeuka myeupe, na tangi linaweza kufika huko kwa mchana mmoja. Mvukizo ndio mpozaji wa bei nafuu. Tangi hili likipoteza lita 15 kwa siku, limetoa joto sawa na la hita ya wati 400 inayowaka saa 24. Katika hewa nzito ya Mombasa au Tanga, feni haitapata mvukizo huo kirahisi, na mashine ya kupoza maji itahitajika.

Lita hizo 15 hurudishwa kama maji yasiyo na chumvi, na Peter Wilkens ndiye aliyesisitiza miaka ya 1970 kwamba yarudishwe yakiwa maji ya chokaa. Watu wa pwani wamechoma mawe ya matumbawe kwa karne nyingi kupata chokaa ya kuta zao. Kemia ni ileile ikirudi nyuma: chokaa iliyozimwa huyeyuka kwa gramu 1.7 hivi kwa lita, huungana na kaboni dioksidi ya majini, na kulipa tumbawe kalsiamu na bikaboneti za kujengea mfupa. Itumike iliyosafishwa kwa kiwango cha chakula, isiwe ya ujenzi, na idondoshwe polepole kwa kuwa pH yake inapita 12. Kalsiamu ilengwe kwenye miligramu 420 kwa lita na magnesiamu 1,300.

Matumbawe yakikua hadi kula digrii moja ya ugumu wa kaboneti kwa siku, lita 1,500 zitataka kama lita 13 za maji ya chokaa, karibu mvukizo wote. Zaidi ya hapo haiwezekani bila kuzimua chumvi. Ndipo huongezwa mtambo unaopitisha kaboni dioksidi katika changarawe ya matumbawe na kuiyeyusha. Kabati lipangwe tangu mwanzo likiwa na nafasi yake na ya silinda ya gesi. Gesi hiyo hushusha pH, kwa hiyo wengi huendesha vyote viwili: mtambo wa gesi kutwa nzima, na chokaa usiku, usanisinuru unaposimama na pH kuanza kushuka yenyewe.